Uma Uko Wapi

Kalileta ndani ya mfuko wa mbolea
Wendelini Chengula, mtu wa Kibao, Mufindi,
akalilaza juu ya meza yangu ya saa hapa Miyomboni
kama anayemlaza mtoto mwenye homa.
"Fundi, nataka neno moja tu.
Ni lenyewe, au si lenyewe?"

Mnunuzi yuko Dar, ametuma ujumbe mara tatu.
Kama ni jambia la askari wa Kiskoti, wale wavaa sketi,
atatoa milioni nne.
Kama silo, ni chuma cha kuchinjia kuku.

Neno moja sina.
Nimefungua saa miaka thelathini na moja,
najua kitu hudanganya kwanza usoni.
Nikaanzia kwenye ala.

Ngozi nyeusi, nayo inanuka chai.
Moyo ukarudi nyuma hatua moja,
maana waghushi huchemsha ngozi mpya kwa majani ya chai
ili mwaka mmoja uonekane themanini.
"Inanuka chai," nikasema.
"Fundi!" akacheka. "Mufindi hata mvua inanuka chai.
Babu alikuwa mpishi wa mzungu wa shamba.
Mzungu aliondoka, hili likabaki msumarini, nyuma ya jiko,
hatua ishirini kutoka kiwandani."

Basi, pua nikaiachisha kazi. Nikashika lenzi.

Mpini ni mti mweusi, umechongwa kama ukili uliosukwa.
Nikatafuta mshono wa kalibu, ule mstari mwembamba
ambao kitu kilichomiminwa hakiwezi kuuficha.
Hakuna.
Fundo moja limemzidi mwenzake:
hapo mkono ulichoka, labda ilikuwa jioni,
labda na kwao baridi huuma vidole
kama Julai ya Iringa.
Ua la mbaruti kwenye fedha, miiba yake imelainika
upande mmoja tu, upande wa nyonga.
Kutu chini ya kola ni nyeusi, imetulia,
si ile ya rangi ya chungwa
inayopikwa wiki mbili kwa maji ya betri.
Na namba: 17. Imegongwa kwa nyundo, haikuchorwa.

Lakini jiwe.

Kichwani mwa mpini, jiwe la manjano
ambalo lingepaswa kuwa baridi kama tumbo la chura.
Nililigusisha shavuni, likapata joto upesi,
kama mgeni asiye na aibu.
Kwenye lenzi nikaona mistari, midogo, sambamba.
"Wendelini, hii ni taa ya kona. Ya Landrova."

Akatazama viatu vyake.
"Babu aliuza jiwe mwaka wa njaa,
shangazi Gaudensia alipoitwa chuo cha uuguzi.
Akachonga hilo, ili mzungu akirudi asijue."
Kimya kidogo.
"Hakurudi."

Nisiseme uongo: limechongwa vizuri.
Kingo zake zimenyooka kuliko kazi yangu ya wiki nzima.

Ubavuni mwa ala pana vijumba viwili,
kimoja kina kisu kidogo, kingine kitupu.
"Hapa palikuwa na uma. Bila uma
mnunuzi atapunguza bei, tena sana."
"Uma? Wa meno mawili? Wenye kichwa cha njano?"
Akatoa simu.

Mama yake anauza maandazi Mlandege.
Alifika kwa miguu, unga hadi kwenye viwiko,
uma kwenye kitambaa, umevaa mafuta ya miaka.
Nikausugua kwa majivu, polepole, shingoni,
mpaka ikatoka: 17.
Jiwe lake dogo nikaligusisha shavuni.
Baridi, ingawa limetoka jikoni.

"Andika sasa," Wendelini akasema, "andika ni lenyewe."
Kalamu nilikuwa nimeishika.
Ile taa ya Landrova niiandike vipi,
sikuwa nimeamua bado,
mama aliponyoosha mkono juu ya karatasi yangu.

"Ukimaliza kuusoma, nirudishie.
Unga umeshaumuka."